Siku Ukuta Uliponyamaza

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nyuma ya ofisi ya vizazi na vifo, na utamu wake wote uko kwenye ukuta wa kuegemea. Ukuta huo unanguruma. Upande wa pili kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, na chumbani mna seva, mashine inayotunza majina ya kila aliyezaliwa mjini humu na ya kila aliyetangulia. Feni zake huzunguka mchana kutwa na usiku kucha. Mngurumo hupita kwenye tofali, ukaingia mgongoni mwa mwenye kuegemea, ukamkanda taratibu kama mkono wa bibi. Juu ya ubao, kiyoyozi cha chumba hicho hudondosha maji kwenye kopo tupu la rangi, tone baada ya tone. Wenyeji wa kijiwe wameuzoea mngurumo huo hata hawausikii tena, kama mtu asivyousikia moyo wake mwenyewe. Ijumaa hiyo, saa tisa na nusu, birika lilikuwa limejaa na ubishi haujapata kichwa, pale mlango wa nyuma ulipofunguka akatoka Dada Seva, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani na hataki imwagike.

Jina la Dada Seva alipewa hapo hapo ubaoni, wiki ya kwanza alipoajiriwa kuitunza mashine. Alikuja kunywa kahawa moja, akabaki miaka sita. Aliketi mwisho wa ubao. Mama Birika, mwenye kahawa, alimmiminia bila kuulizwa.

— Leo uso umekunjika kama shati la juzi, alisema Rula, fundi cherehani, ambaye futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akienda kuoga. Nani kakuudhi? Sema, nikampime suti itakayombana.

— Saa kumi naizima.

— Unazima nini?

Dada Seva aligonga ukuta kwa kiwiko.

— Hii.

Mkono wa Mama Birika ulisimama hewani, kahawa inaning'inia mdomoni mwa birika. Antena, fundi redio, aliyekuwa anachokonoa kitu cha ndani ya kitu kingine kwa bisibisi, aliinua macho. Mzee Breki pekee ndiye aliyezungumza, maana yeye aliendesha lori miaka thelathini na mbili na hakuna jambo la kuzima au kuwasha linaloweza kupita bila yeye kutia neno.

— Hapana, mwanangu. Injini ikiwa mlimani haizimwi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mzee Breki, alisema Rula, hiyo methali umeivaa kinyume. Mshono uko nje.

— Methali ni methali. Ukiitia popote inaingia.

— Kama kiraka.

— Kama kiraka! Ahsante.

Dada Seva alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka. Mashine ile haikuwa imezimwa kwa siku elfu moja na mia mbili. Alizijua kwa hesabu, kwa sababu kila asubuhi ilikuwa ikimwandikia kwenye kioo imekaa macho siku ngapi, naye kila asubuhi alikuwa akiiambia moyoni, endelea, mama, endelea. Sasa mkuu wa ofisi alikuwa ameketi chumbani, ameivua saa ya mkononi na kuilaza kando ya kibodi. Saa kumi kamili, madirisha yakifungwa. Usipobonyeza wewe, alikuwa amesema, nitabonyeza mwenyewe.

— Kwani imefanya kosa gani? aliuliza Mama Birika.

— Haijafanya kosa. Imejaa.

— Majina yamezidi?

— Majina hayawezi kuzidi, yana diski yao na nafasi tele. Kilichojaa ni mahali pa muda. Alitafuta maneno. Seva ina mahali pawili, Mama. Kuna pa kudumu, na kuna pa muda. Ukiiambia, nipangie watu wote waliozaliwa mwaka fulani, kwa herufi, kwa mitaa, haiwezi kufanya kazi hiyo kwenye majalada yenyewe, itayachafua. Huyanakili yale inayoyataka, ikayamwaga pale pa muda, ikapanga, ikapangua, ikakupa jibu. Kisha ikasahau.

Rula alijipiga paja.

— Meza ya kukatia!

— Enhe?

— Sikiliza. Kitambaa cha mteja kiko kabatini. Nguo iliyokwisha iko kwenye hanga. Lakini kazi, kazi yenyewe, iko mezani. Chaki, pini, mkono mmoja huku, kola kule, ukiingia utasema hapa pamepita kimbunga. Jioni unapangusa. Hakuna mteja aliyewahi kuja kuniuliza, fundi, ile chaki uliyonichorea begani iko wapi?

— Hapo hapo, fundi. Umeisema kuliko kitabu. Sasa leo asubuhi makao makuu wakaomba ripoti ya miaka sitini. Si mwaka mmoja, si kumi. Sitini kwa mpigo mmoja. Karani akabonyeza. Meza ikajaa.

— Ikijaa si kazi inasimama?

— Meza yetu ikijaa, hujirefusha.

Antena aliweka bisibisi chini.

— Rudia.

— Hujirefusha yenyewe. Inaongeza ubao, inaongeza ubao. Leo imejirefusha mpaka imegusa kuta zote za diski yake, hapana pa kuweka hata pini. Ndiyo maana madirisha yote yameganda tangu saa nne na nusu. Ile ripoti nimeikatiza. Lakini meza ikishajirefusha hairudi. Imebaki ndefu vile vile. Nimejaribu kuipunguza bila kuzima, mara tatu, imegoma.

— Na ukizima?

Hapa sauti ya Dada Seva ilishuka yenyewe, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto.

— Ukizima ukawasha, ile meza haipo. Haipangwi upya, haipanguswi. Haipo. Mashine inaamka, na kabla haijafungua jalada hata moja, inachonga meza nyingine. Ndogo. Safi. Haina alama ya kisu wala ya chaki. Kila inapoamka, inaanza hivyo.

Tone likaanguka koponi.

— Na vilivyokuwa juu ya ile ya zamani? aliuliza Rula, polepole.

— Havipo pia. Wala mashine haivitafuti.

 Dada Seva alikuwa amelijua jambo hili tangu chuoni, alilijibia mtihani akapata alama zake, lakini lilikuwa halijaacha kumshangaza. Kulikuwa na mchana ambapo, foleni ikipungua, alipafungua pale pa muda akatazama tu. Aliona orodha zikitokea, nusu zimepangwa, nusu bado. Akaona majina ya watu yakisimama mstari, wazee kwa vichanga, walio hai kwa wafu, yamesogezwa bega kwa bega kwa sababu tu herufi zao za kwanza zinafanana. Akipepesa jicho, yametoweka. Hakuna aliyeyafukuza. Kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa hajamsimulia mtu, kwa sababu nani angemwelewa, ila watu wanaokunywa kahawa mgongo ukutani?

— Mimi naipinga, alisema Breki. Nitakwambia kwa nini. Nilikuwa na lori. Nikalizima kileleni, nipige picha. Kuliwasha, limesahau gia ya kurudi nyuma. Zile za mbele zote linazo, lakini nyuma halijui! Nimeliendesha miezi minne bila kurudi nyuma. Nikikosea njia, nazunguka mji mzima.

— Gia ilikatika, Mzee.

— Ilisahau! Kukatika ni kitu kingine. Chuma kina moyo. Ndiyo maana wakasema, chururu si ndo ndo ndo.

— Kinyume, alisema Rula.

— Mimi siipingi, alisema Antena, macho yameanza kung'aa, na wote wakajua kwamba sasa safari imeanza. Mimi nasema hiyo ndiyo akili yenyewe. Ninyi mnalala kwa nini?

— Kwa kuchoka.

— Uongo. Mnazimwa mkawashwa. Mchana kutwa meza inajaa, nani kakutukana, nani kakupita bila salamu, wimbo wa jirani. Usiku unazimwa. Ndoto ni vile vipande vinavyoanguka mezani wakati inapotolewa.

— Hilo nalikubali, alisema Mama Birika. Juzi niliota nachemsha viatu.

— Umeona? Vipande! Kiatu kimoja, chemsho moja, vimegongana vikianguka. Lakini ngojeni, sijafika. Mtoto anapozaliwa ngumi zake zikoje?

— Zimefumbwa.

— Kwa nini zimefumbwa? Kwa sababu alikuwa amekamata meza ya zamani, hataki ichukuliwe! Anafika hapa, anafungua kiganja, hamna kitu. Ndipo analia.

Rula alifungua mdomo abishe, akaufunga. Alikuwa na watoto watano, na wote alikuwa amewafungua ngumi kwa kidole chake.

— Haya, twende mbali zaidi, alisema Antena, amesimama sasa. Nani kawaambia anazimwa mtu peke yake? Huenda dunia nzima inazimwa kila usiku ikawashwa. Milima, barabara, ninyi. Tunaamka kila kitu kipya, kimechongwa asubuhi, tunadhani ni cha jana. Nani hapa anaweza kuthibitisha jana?

— Mimi, alisema Mama Birika. Masizi ya birika hili ni ya miaka kumi na minne. Kama dunia inachongwa upya kila asubuhi, huyo mchongaji angenisaidia kulisugua.

Ubao mzima ulitikisika kwa kicheko. Hata Dada Seva alifuta machozi. Kisha Rula akamgeukia, sauti yake ya kawaida imerudi.

— Lakini wewe unaogopa nini hasa, dada? Meza mpya si ndiyo unayoitaka?

— Naogopa isiamke. Imekaa macho siku elfu moja na mia mbili. Mashine ya namna hiyo ukiizima, unaweza kukuta kitu kilikuwa kimekufa zamani na kinasimama kwa mazoea tu.

— Kama magoti yangu, alisema Breki.

— Isipoamka? aliuliza Rula.

— Nakala ya jana usiku ipo. Kila usiku inanakiliwa, na nimeikagua leo kwa mkono wangu. Nitaifungua kwenye mashine nyingine. Siku tatu, nne za kazi, watu watatukana dirishani, lakini hakipotei kitu.

— Hakipotei kitu?

— Hakipotei kitu.

Alilisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa akijiambia mwenyewe.

Kumbe kulikuwa na mtu wa sita. Alikuwa amesimama kando ya jiko muda wote huo, kijana wa miaka thelathini na kitu, sare ya ulinzi imefifia mabegani, buti zimefungwa kwa kamba za rangi mbili, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki uliokunjwa kwa uangalifu.

— Habari za hapa, wakubwa.

— Njema, karibu ubao, alisema Breki, akimsogezea nafasi. Keti, keti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Mimi nina vikombe tu, alisema Mama Birika. Majembe sina. Kunywa, baba.

Mlinzi aliketi ukingoni kabisa, kama mtu asiyetaka kuuchosha ubao. Alikunywa. Alimtazama Dada Seva, akatazama kikombe, akamtazama tena.

— Samahani, dada. Mniwie radhi nimesikiliza mazungumzo yenu. Wewe ndiye mwenye hiyo mashine?

— Naitunza tu, kaka.

— Mimi ni baba tangu juzi.

— Hongera! Ubao wote ulilipuka. Hongera sana! Wa kiume, wa kike?

— Wa kike. Alijaribu kutotabasamu, akashindwa. Tumemngoja miaka tisa.

— Miaka tisa! Mama Birika alijaza tena kikombe ambacho hakijapungua.

— Leo asubuhi nimetoka lindo moja kwa moja, nikaja kumwandikisha. Dirisha la tatu. Karani akachukua kikaratasi cha hospitali, akaandika jina, akabonyeza, akaniambia, tayari, baba, keshaingia. Halafu mashine ikaganda karatasi yake haijatoka. Akaniambia, wewe usiwe na wasiwasi, keshaingia, rudi jioni.

— Basi kaingia, alisema Antena. Kunywa kahawa yako.

— Nimeelewa, kaka. Ila huyu dada anasema humo ndani ni mahali pawili. Kuna pa kudumu, na kuna panapotupwa. Alishusha kikombe magotini. Nauliza tu. Huyu wangu yuko upande gani?



Rula aliivuta futi yake shingoni mpaka mwisho, akaiachia. Antena, aliyekuwa amekwisha kuizima dunia na kuiwasha dakika tano zilizopita, alitazama bisibisi yake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mpini. Mzee Breki alitafuta methali. Walimwona akiitafuta, midomo yake ilicheza, kidole kikainuka, kikashuka. Tone likaanguka koponi, na jingine.

Dada Seva alikuwa amefungua mdomo kusema, wa kudumu, kaka, bila shaka. Kisha akakumbuka.

Miezi minane nyuma, shule zilipofungua mwaka, foleni ilikuwa imefika barabarani. Kila mzazi alitaka cheti siku ile ile, na majalada ya kudumu yalikuwa mazito, kila jina jipya linangoja dakika nzima kukaa mahali pake. Mchana mmoja, mkono wa kushoto umeshika mkate, Dada Seva aliiandikia mashine mistari michache ya amri. Watoto wanaoandikishwa leo wawekwe kwanza pale pa muda, ndipo pepesi, dirisha lisingoje. Saa kumi na mbili jioni, ofisi ikishafungwa, wahamishwe wote kwa pamoja kwenda pa kudumu. Foleni iliisha wiki ile ile. Wiki mbili tu, alijiambia, kisha nitaitengeneza sawasawa. Hakumwambia mtu. Hakuandika popote. Na kazi ile ilifanyika kila jioni bila kukosea, bila kulalamika, na kitu kisicholalamika husahauliwa.

Saa kumi na mbili jioni. Na mashine ilikuwa inazimwa saa kumi.

Nakala ya jana usiku ilikuwa na kila mtu, isipokuwa wa leo. Vikaratasi vya hospitali vya leo vilikuwa vimetiwa kwenye gunia la Ijumaa, na gunia lilikuwa limeondoka saa sita mchana kwenda kusagwa.

— Saa ngapi? aliuliza.

— Tisa na dakika hamsini na moja, alisema Rula.

Alisimama, kahawa ikamwagika kwenye kiatu, hakuitazama.

— Sijui, kaka, alimwambia mlinzi. Ngoja nikamwangalie.

Alisema hivyo, nikamwangalie, kama mtoto amelala chumba cha pili. Akaingia ndani mbio, mlango ukajipiga nyuma yake.

Mkuu wa ofisi alikuwa amekwisha kusogeza kiti karibu na kibodi, ameinama juu ya saa yake kama mtu anayengoja chai ichemke.

— Usiguse! Dada Seva alipiga kelele. Kuna watoto humo!

Mkuu aliruka, kiti kikaanguka, naye akaangalia nyuma ya mashine kwanza, kisha chini ya meza, ndipo akamgeukia.

— Watoto gani, we dada?

— Wa leo. Nipishe, bosi. Nitakueleza, na utanifokea, lakini nipishe.

Alipafungua pale pa muda. Meza ilikuwa ndefu kweli. Ripoti iliyokatizwa ilikuwa imeacha uwanja mtupu usio na mwisho, na kwenye kona moja ya uwanja huo, mistari michache iliyobanana. Aliihesabu. Arobaini na mmoja. Kila mstari jina, saa ya kuzaliwa, mama, baba. Wengine walikuwa na umri wa siku mbili. Mmoja alikuwa wa leo alfajiri, alikuwa hajamaliza hata nusu siku duniani, naye alikuwa amelala juu ya meza ambayo baada ya dakika saba ingeondolewa kana kwamba haijawahi kuwepo. Na mashine isingemtafuta. Isingejua kwamba kuna wa kutafutwa.

Aliwahamisha. Vidole vilijua njia. Akahesabu walioondoka, arobaini na mmoja. Akahesabu waliofika, arobaini na mmoja. Hakutosheka. Alimwita karani wa dirisha la tatu, na wa la pili, na wa la kwanza, waje na madaftari yao ya foleni, wakajumlisha kwa kalamu mbele ya mkuu. Arobaini na mmoja. Wa mwisho, dirisha la tatu, saa nne na dakika ishirini na nane, wa kike.

Kisha akaiandikia mashine maneno mawili ya kuikuta ikiamka: meza mpya ianze na urefu huu, na isivuke urefu huu hata ikiombwa ripoti ya miaka mia. Saa ya mkuu ilikuwa imepita kumi kwa dakika sita. Mkuu hakuitaja.

Akabonyeza.

Mngurumo ulishuka kama gari linaloingia bondeni, ukawa mluzi, ukawa pumzi, ukaisha. Siku elfu moja na mia mbili alikuwa hajakisikia chumba kile. Sasa alikisikia. Alisikia viatu vya mkuu. Alisikia, kupitia tofali, kikohozi cha Mzee Breki, karibu kabisa, kana kwamba wameketi pamoja. Na alisikia matone yakianguka koponi, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika, akaanza kuyahesabu. Kumi. Thelathini. Kioo kilikuwa cheusi. Sitini. Mkuu alinong'ona kitu, pengine dua. Tisini. Taa moja ndogo ya kijani ilifumbua, ikafumba, ikafumbua, ikabaki. Feni ya kwanza ikajikohoza. Ya pili ikaifuata.

Alipafungua pale pa muda kwanza, kabla ya yote, kwa sababu alitaka kuona. Palikuwa padogo. Palikuwa safi, hapana mstari hata mmoja, palikuwa kama ukurasa ambao mkono wa mtu haujaufikia. Mashine iliyokuwa imebeba miaka sitini asubuhi haikukumbuka uzito wake. Alipatazama kwa muda ambao mkuu angeuona mrefu. Ndipo akafungua pa kudumu, akahesabu wa leo, wote wapo, akatuma karatasi moja kwenye printa.

Alipofungua mlango wa nyuma, aliwakuta wamesimama. Hakuna aliyekuwa ameketi. Rula, Antena, Mzee Breki, Mama Birika na mlinzi, wote watano wameelekea ukuta, kila mmoja ameweka kiganja chake juu ya tofali, kama watu wanaopima homa ya mtoto.

— Ilinyamaza matone mia na tisa, alisema Rula bila kuondoa mkono.

— Mia na nane, alisema Antena. Moja lilianguka nje ya kopo.

— Lililoanguka nje si tone?

— Kimya! alisema Mama Birika. Msikilizeni.

Dada Seva alimpa mlinzi karatasi. Mlinzi alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ndipo akaipokea. Alisoma jina kwa midomo tu. Akalisoma tena kwa sauti ndogo, la binti, la kwake, la baba yake, na mara ya tatu akalisoma kwa sauti ambayo mtu huitumia kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ukuta ulikuwa unanguruma.

— Alikuwa upande wa kutupwa, kaka, alisema Dada Seva. Yeye na wenzake arobaini. Ni mimi niliyewaweka pale, miezi minane sasa, kila siku. Usingeuliza, ningewapangusa kwa mkono wangu.

 Mlinzi aliikunja karatasi, akaikunjua, asije akaiacha na mkunjo.

— Mgeni njoo, alisema Mzee Breki, mwenyeji apone.

Wote waligeuka wakamtazama. Rula aliivua futi shingoni, kitu ambacho kijiwe kilikuwa hakijapata kukiona.

— Mzee, leo umeivaa sawasawa.

— Kwani siku zote naivaaje?

Mama Birika aliliinua birika awamiminie wote kwa jina la mtoto, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Lilitoa tone moja, kisha mashapo. Walipokuwa wamesimama na mikono ukutani, hakuna aliyekuwa ameliangalia jiko.

— Nipe chaki, fundi, alisema Dada Seva.

Aliandika kwenye mlango wa nyuma, kwa herufi kubwa: KABLA YA KUZIMA, WAHAMISHE WA LEO. Kesho, alisema, angeibomoa ile mistari yake na kuwapeleka watoto pa kudumu moja kwa moja, dirisha lingoje kama litangoja. Lakini kesho ni kesho, na yeye mwenyewe alishawahi kusema wiki mbili.

Rula aliyatazama maandishi, akapitisha kidole juu ya herufi ya kwanza. Ikafutika nusu.

— Chaki ni ya meza ya kukatia, dada. Hili nitakushonea.

Akapiga goti mbele ya mlango, akaanza kuupima upana.